Barua kwa Bi Zainabu kuhusu karo ya Twaha

Lamu, Februari 2025

Kwa ndugu yangu Bi Zainabu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, watoto na Mama Mkubwa, na kwamba joto la kaskazi halijawatesa huko Malindi kama linavyotutesa sisi huku. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, ingawa ya hapa si ya kusimulia yote. Niwie radhi kwa kimya kirefu. Nilikusudia kupiga simu, lakini nimeona jambo lenyewe ni la kuandikwa, ili upate nafasi ya kulipima bila sauti yangu kukusihi sikioni.

Haja yangu niitaje mapema, kisha nieleze. Naomba unidhamini mkopo wa sacco yetu, shilingi 180,000, kwa masomo ya mwanangu Twaha. Wadhamini wawili nimeshawapata, Maalim Omari na yule mwenzetu wa Mokowe, na amebaki mmoja. Najua maana ya ombi hili: akiba yako itafungwa kwa kiasi hicho mpaka nimalize kulipa, nawe una nyumba yako ambayo bado haijaezekwa. Ndiyo maana nataka ujue kila kitu kabla ya kutia sahihi.

Unakumbuka mwaka jana KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, ilipompangia shahada ya muziki katika chuo kikuu cha umma, ukanitumia halua ya kupongeza. Hatukujua kwamba kupangiwa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jingine. Zamani zetu mzazi alilipa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na kilichobaki kilikuwa baina ya serikali na chuo. Utaratibu ulioletwa 2023 hupima hali ya kila nyumba na kumtia mwanafunzi katika bendi moja kati ya tano. Aliye bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 25, na familia hutoa 5. Aliye ya tano hupata ufadhili asilimia 30, mkopo 30, na nyumbani hutoka 40. Twaha alitiwa ya nne, yaani ufadhili 40, mkopo 30, na sisi 30. Baba yake akasema kwamba kijana alitaka tangu utotoni kuingia katika bendi, na serikali imemsikia. Tulicheka, kisha tukakata rufaa, na mpaka leo hatujajibiwa. Nadhani kilichotuponza ni peisilipi yangu, maana karatasi ile huonyesha mshahara kabla haujakatwa hiki na kile, wala haionyeshi kwamba mashua ya mzee imelala juu ya mchanga tangu wageni walipopungua.

Hata hivyo, asilimia 30 yetu tungeiweza, kwa kujibana. Kinachoninyima usingizi ni zile 70 zisizo zetu. Tarehe 3 Oktoba Mahakama Kuu iliusimamisha utaratibu huo, na tarehe 20 Desemba Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba unakiuka Katiba, kwa kuwa unabagua na kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilipousikia uamuzi nilifurahi kama mzazi mwingine yeyote aliyeona mtoto wake amewekwa pasipo pake. Kisha nikakaa nikajiuliza, ikiwa bendi zimebatilishwa, lile fungu la serikali la muhula uliopita litaletwa kwa hesabu ipi, na lisipoletwa ni deni la nani? Kwa akaunti ya Twaha chuoni jibu liko wazi: ni deni la Twaha. Muhula wa kwanza alipewa kadi ya mtihani baada ya kuandika barua ya ahadi. Muhula huu wa pili ameambiwa asajiliwe kwanza kwa kulipa, serikali itafuata. Chuo hakisubiri mahakama, nami sikilaumu sana, kwa kuwa walimu wake nao wanataka mishahara.

Ungedhani kuna mlango wa pembeni, lakini yote imeanza kutikisika kwa mkupuo mmoja. Mwezi uliopita Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba zisitoe basari kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu pasipo mapatano rasmi na serikali kuu, kwa sababu Katiba imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Kisheria huenda ana hoja, lakini hoja haimsajili mtu. Nikakimbilia fedha za eneo bunge, na hizo nazo Mahakama Kuu ilishaamua Septemba mwaka jana kwamba sheria ya mfuko huo, NG-CDF, haiafikiani na Katiba na mfuko ukome ifikapo 30 Juni 2026. Fomu bado zinapokewa, lakini karani mwenyewe alinitazama kwa huruma. Yaani, shoga yangu, mwaka ambao mwanangu ameingia chuoni ndio mwaka ambao kila mfuko wa umma unaoweza kumsaidia una kesi, waraka au tarehe ya kufa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalioni, nalo ndilo linalonifanya nikope badala ya kungoja. Mwanafunzi wa sheria akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anaweza kunakili madaftari ya wenzake, akakesha, akafanya mtihani. Wa muziki hawezi kunakili vidole vya mwenzake. Masomo yake makubwa ni ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja chumbani, na wiki akikosa imepotea. Hiyo ndiyo sababu pia kozi hizi huwa ghali kuliko zile za ukumbi mmoja wenye watu mia tatu. Tena kuna gharama ambazo hazimo katika bendi yoyote. Alikwenda Nairobi na udi wa babu yake, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ule uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda cha marehemu, na ubao uliozoea unyevu wa bahari ukashindwa na ukavu wa huko. Uso ulipasuka ufa mwembamba kuanzia kwenye daraja mpaka karibu na tundu, na vigingi vya kukazia nyuzi vikawa vinateleza, akikaza uzi, akigeuka kuvuta pumzi umeshalegea. Aliporudi Desemba nilimwona ukumbini akipaka chaki kwenye kigingi kimojakimoja na kukijaribu, bila kusema neno. Fundi wa Mombasa ametaja bei ya kuufungua na kuugandisha upya. Juu yake kuna nyuzi, kuna nguo nyeusi ya kuonekana jukwaani, kuna nauli ya kwenda kuonyesha wanakotumwa. Katika ile 180,000, karo ni sehemu kubwa, lakini udi umo, na sikutaka uje kuusikia kwa mtu mwingine.

Maalim ana rai yake, ambayo si mbaya. Anasema tumwondoe huko, tumpeleke Zanzibar kwenye Dhow Countries Music Academy, ajifunze udi na ganuni, ala nyingine ya nyuzi, kwa watu walioikuta taarabu nyumbani kwao, au Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kimekuwapo tangu 1981 na tangu 2007 ni wakala wa serikali yao, TaSUBa. Nimelipima. Ufadhili wa serikali yetu haumfuati huko, kwa hiyo tungelipa wenyewe kila kitu, ingawa kila kitu chenyewe ni kidogo. Na kile cha Zanzibar, kilichofunguliwa 2002, kimekuwa kikiishi kwa mikono ya wafadhili. Mwaka 2016 kilikaribia kabisa kufunga milango kwa kukosa fedha. Nikaona tungekuwa tumeacha ahadi ya serikali na kushika ahadi ya wafadhili wa ng'ambo. Twaha mwenyewe anataka shahada, kwa sababu anataka kuja kufundisha, na hapo namwelewa. Sisi walimu tunajua kwamba Januari ijayo hawa watoto wetu wa Gredi ya 9 wataingia sekondari ya juu, na kwamba mojawapo ya njia tatu watakazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, yenye muziki, dansi na uigizaji ndani yake. Serikali ileile inayosema sanaa ni njia ndiyo isiyojua italipaje kumwandaa mwalimu wa kuifundisha. Nilipolisema hili kwenye mkutano wa walimu, mkuu wetu aliniambia tuendelee na ajenda.

Watu wa mtaani nao hawakosi neno. Mama Swaleh alinifuata mpaka barazani kunieleza kwamba ngoma haisomewi, kwani wapiga zumari wetu wote walijifunza kwenye maulidi na harusini bila senti ya mtu. Nilimjibu kwamba hata fundi wa jahazi alijifunza bila senti, na leo hakuna anayemshangaa anayesomea uhandisi. Lakini nikiwa peke yangu, kuna hesabu moja inayompa haki kidogo. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Hesabu hiyo imepigwa kwa mtu mwenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Mpiga udi wa pwani hula mwezi huu wa Shaabani na baada ya Idi, harusi zinapofuatana; Ramadhani nzima hapigi chochote. Akipata kazi ya kufundisha, vema. Asipopata, faini itamsubiri huku mimi bado nakatwa deni langu la sacco, na wewe akiba yako imefungwa.

Kuna uwezekano wa kuahirisha mwaka mmoja, mpaka ijulikane kama serikali itakata rufaa au italeta utaratibu mwingine. Baba yake anaelekea huko. Mimi naogopa: kijana wa miaka 19 akikaa Lamu mwaka mzima, atashika kazi ya boti au ya hoteli, na baada ya hapo umrudishe darasani kwa maneno gani? Kwa hiyo moyo wangu uko kwenye mkopo, ila sijiamini nikiwa mama.

Niambie basi, wewe unayewaona wazazi wengi zaidi huko: wenzetu wa Malindi wenye watoto vyuoni wamefanyaje muhula huu? Je, kuna yeyote aliyejibiwa rufaa ya bendi, na alijibiwa kwa kitu gani? Yule binti wa shemeji yako aliyesomea uigizaji, amepata kazi au bado anahangaika, na HELB wanamdai vipi? Ungekuwa wewe, ungekopa au ungengoja? Na kama utaona kunidhamini kutakwamisha paa lako, je, utaniambia wazi kama ninavyokuomba, bila kunisitiri? Haitapunguza chochote baina yetu.

Fomu nimeitia katika bahasha ya kaki na nitaipeleka Mokowe, ije na basi la kesho. Ichukue ofisini kwao stendi. Kamati ya mikopo inakaa kabla ya Ramadhani kuandama, kwa hiyo ukiamua kutia sahihi, ambatisha na nakala ya kitambulisho, maana safari iliyopita walimrudishia Maalim fomu kwa kukosa hiyo tu. Ukiamua vingine, nirudishie tupu kwa dereva yuleyule. Wasalimie wote, na umwambie Fahima kwamba vitabu vyake ninavyo.

Wasalaam,
Ndugu yako, Mwanaisha