Mwanangu, bima yaisha lini?

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunijibu. Nikikuuliza bima ya gari yaisha lini, waniambia "iko sawa mama," kisha waniuliza nimekula nini. Nimekula wali kwa mchuzi wa papa. Bima yaisha lini?

Jumatatu waondoka na pikapu yako kwenda Taveta, na sina la kukuzuia. Kuteremsha nyanya na vitunguu mpaka soko la Kongowea ni kazi ya halali, na umeitafuta mwenyewe pasi na kushikwa mkono na mtu. Hilo nimewaambia wote hapa mtaani, hata wasioniuliza. Lakini njia ya hapa Mombasa mpaka Voi ni ya malori, usiku na mchana, na wewe bima wakata mwezi mwezi. Najua kulipa ya mwaka kwa mkupuo ni mzigo. Ila mwenye kukata ya mwezi ana tarehe kumi na mbili za kukumbuka kila mwaka, na wewe hata Idi hukumbushwa na dadako kuwa ni kesho.

Bima haingoji uwe na nafasi. Inakufa tarehe ile iliyoandikwa, na asubuhi yake ukimgonga mtu pale Samburu, huna kitu mkononi. Sheria yakulazimisha angalau ile thadi pati, bima ya kumlipa mtu uliyemdhuru, na hata ukiwa nayo, mwisho wake kwa mtu mmoja aliyeumia ni shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, kinachozidi ni chako. Pikapu yenyewe ikipondeka pia ni shauri yako, thadi pati haikutengenezei hata taa. Sasa hebu fikiria huna hata hiyo. Tutauza nini? Nyumba hii, ambayo ami zako nao wana fungu lao?

Na ukishaitazama tarehe, tazama pia imeandikwa ya gari la namna gani. Yule ajenti uliyemlipa alikuwa na haraka, nilimwona. Kama cheti chasema matumizi binafsi na wewe wabeba mizigo ya watu kwa malipo, siku ya siku kampuni itapata pa kuponyokea. Gari la biashara lina bima yake, na lina ukaguzi wake kila mwaka. Huo nao wenda lini? Wala usidhani kwa kuwa cheti siku hizi chatumwa kwa simu basi utamhadithia askari mpaka akuache. Anaiandika nambari ya gari kwenye simu yake mwenyewe, akaona bima ni hai au imekufa.

Leseni yako ya kuendesha, ya miaka mitatu ipo kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Wewe wakata ya mwaka mmoja kuokoa mia kadhaa, kisha waja kunikopa.

Nimesikia pia mwapanga na wenzako kuwa mzigo ukiadimika mtavuka mpaka wa Tanzania pale Holili mutafute upande wa Moshi. Sikatazi. Lakini bima yako ya kawaida yakomea mpakani. Kule utaulizwa kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuendeshea nchi za jirani, na hiyo wataka uiulizie kwa kampuni yako ya bima ukiwa bado uko huku, si ukiwa umesimama kwenye foleni na nyanya zakungoja.

Sasa logibuku, hati ya kuonyesha gari ni la nani. Sheria imekupa siku 14 za kubadilisha jina tangu ununue, na wewe Ramadhani imepita na nyingine yaja, gari bado ni la mtu wa Changamwe. Leo mwasalimiana vizuri. Aingie kwenye akaunti yake ya eCitizen akubali, nawe ulipe, yamekwisha. Kesho akihama, au mkikosana, au Mungu akimchukua, utawafuata warithi wake mlango kwa mlango. Na usinitolee mfano wa Peugeot ya marehemu babako. Najua iko pale chini ya mkungu, najua kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ile yangoja hati ya mirathi kutoka kwa Kadhi, na kwa Kadhi hakwendwi mpaka ami zako wakae pamoja, na kuwaita ami zako wakae pamoja ni mimi niliyetakiwa niwaite, basi, hayo tuyaache. Wewe mtu wako yu hai na simu anashika. Mpigie kabla ya Jumatatu.

Tarehe ziandike. Si kwenye simu peke yake, simu yako hulala bila chaji. Andika kwenye karatasi uibandike pale mbele ya usukani, ya bima, ya leseni na ya ukaguzi. Kisha unitumie na mimi niziandike kwenye kalenda ya jikoni. Wiki moja kabla nitakupigia. Utasema mama msumbufu. Sema.

Karatasi zako zote nimezitia kwenye kopo la biskuti, na nakala nimekutolea kwa yule kijana wa fotokopi wa Mwembe Tayari. Nakala ndizo za kwenda nazo. Ukifika Mackinnon Road teremka pale msikitini kando ya reli uswali, madereva wengi husimama hapo, na macho nayo yapumzike.

Dadako auliza kama chumba chako sasa ni chake. Nimemwambia asubiri, lakini kitanda ameshakihamisha. Maji ya mfereji yamekata tena, twanunua ya mkokoteni, na fundi wa pampu alikuja akala akaondoka. Ukianza kushuka na mzigo, vitunguu vyangu viwe vile vyekundu vidogo vilivyokauka sawasawa, usiniletee vya mvua vikaoza gunia zima. Na ufunguo wa stoo hauko kwenye msumari wake. Angalia mifukoni mwako.

Mamako