Waliyempokea chuoni ni binti wa kidato cha sita, nesi hawakumuona

Mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika humu kwamba manesi wanaoenda kusomea udaktari wanaukimbia uuguzi, halafu wakifika darasani ni wazito. Mimi ni mmoja wao, niko mwaka wa nne MD, yaani digrii ya udaktari, na kabla ya hapo nilikuwa nesi wa diploma kituo cha afya cha kijijini miaka sita, karibu yote wodi ya wazazi. Nisidanganye, mshahara ulikuwepo kichwani na heshima pia, maana ndugu wakiumwa usiku wanakupigia wewe ila ukishawaeleza wanasema haya ngoja kesho tumuulize dokta. Lakini kilichonitoa hasa ni kingine.

Ilikuwa saa tisa usiku, niko na mhudumu mmoja tu, kitandani kuna binti wa mimba ya kwanza. Kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, zile X za kufunguka kwa mlango wa kizazi zikavuka mstari wa tahadhari, nikampima tena baadaye ikavuka na mstari wa pili, na nesi yeyote anayesoma hapa anajua maana yake. Nilijua anahitaji kupasuliwa, nilijua na kwa nini, ila mkono wangu hauruhusiwi kushika hicho kisu na daktari wa zamu simu haipatikani. Gari la wagonjwa likaja kutoka wilayani alfajiri. Mtoto akazaliwa huko saa moja asubuhi, akachelewa kulia. Wiki iliyofuata yule binti akaniletea kuku, asante sista bila wewe ningekufa, na mimi nilichofanya usiku ule kikubwa ni kupiga simu. Yule kuku sikumla.

Nikaanza kuulizia MD. Ukifungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, asiyepitia kidato cha sita anaingia na diploma ya tabibu (clinical officer), ile ya nesi inakupeleka digrii ya uuguzi. Bahati yangu kidato cha sita nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, nikamaliza 2012, nina C ya Biolojia na D mbili, jumla pointi saba na wao wanataka sita, isipungue D kwa kila somo. Cheti kilikuwa kwa mama, kwenye sanduku la kanga. Basi nikaomba kwa hicho. Fomu haikuniuliza nimezalisha wangapi, nimeshaona kifafa cha mimba mara ngapi, wala kama najua kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji. Yaani aliyepokelewa ni mimi wa enzi za shule, yule binti wa miaka 20 ambaye sindano alikuwa anaiogopa, huyu nesi akabaki getini.

Na kwenye hela ni hivyo hivyo. Mkopo wa elimu ya juu unataka uwe umemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano, usizidi miaka 35, na usiwe na ajira. Mimi diploma nilimaliza 2015 nikaingia MD 2022, umri ulikuwa unaruhusu ila miaka mitano ilishapita kitambo. Hilo sharti kwa mtoto aliyetoka shule naliona lina maana yake, lakini kwa mtu wa afya hiyo miaka inayomkosesha mkopo ndiyo miaka aliyojifunza kazi, sasa unamwambia ungekuwa hujaifanya tungekusaidia. Nimeuza kiwanja, kikoba nacho nadaiwa mpaka leo.

Kabla ya hapo nilimwandikia mwajiri naomba likizo bila malipo, nikaandika kabisa niko tayari kusaini mkataba nirudi kituo kile kile. Barua ikalala masjala miezi minne, ikatoka na jibu kwamba ikama, yaani idadi ya watumishi, haitoshi. Nikalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi nikaacha kazi. Kwa hiyo nesi waliyesema hawawezi kumkosa wakamkosa moja kwa moja, na huyo daktari ambaye angerudi hawatampata, mpaka leo sijaelewa hapo nani alifaidi.

Matabibu angalau walikuwa na AMO, yaani daktari msaidizi, tangu miaka ya 60 tabibu anafanya kazi miaka kadhaa, anarudi darasani miaka miwili, anatoka akiwa anapasua wazazi, na hospitali za wilaya nyingi zimebebwa na watu hao. Mafunzo yakasitishwa, ikasemwa tunataka ma-MD. Sawa, ila huyo tabibu aliyekuwa apande kupitia hapo sasa anakutana na mambo haya haya yaliyonikuta mimi.

Sasa tuje kwenye uzito darasani, msomaji ana ukweli wake. Mwaka wa kwanza biokemia ilinipiga, nikala sapu, yaani mtihani wa marudio, nikalala na hofu ya kudisko, kuondolewa chuo. Watoto wanameza mzunguko wa Krebs kama taarabu na mimi nasinzia kwenye benchi, wananiita mama mkubwa. Ila mwaka wa tatu tukaingia wodini. Raundi ya kwanza bila kujijua nikaenda kusimama wanaposimama manesi, pembeni ya troli, speshalisti akaniambia sista nipe faili la kitanda cha nne, nikampa, akauliza haya nani anapresenti, nikasema mimi. Walicheka wote na yeye akacheka. Yule mgonjwa nilikuwa nimeshamsoma tangu mlangoni, miguu imevimba, amekaa kaegemea mito mitatu hawezi kulala chali, wenzangu bado wanahangaika stetoskopu iko kwenye begi la nani. Lakini nina kosa langu na mimi, nikiona dripu imeisha natoka kwenye raundi naenda kubadilisha, naambiwa dokta hiyo siyo kazi yako. Hiyo kauli mpaka leo haijaniingia.

Siombi MD ifupishwe iwe miaka minne kama zile kozi za wenye digrii kule Uingereza, hii mitano naisoma na mwaka wa intani nitafanya. Ninachotaka ni hiyo miaka ya mkopo ihesabiwe tofauti kwa aliyekuwa kazini kwenye kituo cha umma, na likizo ya masomo itolewe kwa mkataba wa kurudi.

Mwenzangu tuliyekuwa tunapokezana naye zamu ana E ya Fizikia, anarisiti Mei kama praiveti, anasoma akitoka naiti. Jana nimemkabidhi konda wa basi madaftari yangu ya PCB ampelekee, moja limeliwa na panya kwenye mada ya projektaili. Akanitumia voisi anacheka, dada hata lingekuwa zima, hiyo mada sijawahi kuielewa.

Nesi wa zamani,
Dar es Salaam