Bei ya mwezi huu

Mkomani, Lamu
Jumapili, baada ya alasiri

Somo yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Mama mzima, magoti ndiyo yale yale. Najua nina deni lako la barua mbili, na najua utasema kwamba nikikosa shida sikuandikii. Sawa, nina shida.

Jana usiku kakangu Athmani kapiga simu kutoka huko kwenu Uingereza, Leicester. Bei ya nyumba yetu hii ya urithi tunayoiuza ipande tena, iwe milioni 26. Kwa nini? Eti Uingereza bei zimepanda mwezi huu. Mimi wakati huo nimeshika beseni pale sabuleni, dari yavuja, masika haijaamua kama imekwisha, na mtu ananiambia nyumba imezidi thamani tangu mwezi uliopita! Nikamwambia subiri nimwage maji kwanza.

Ulipoondoka wazimu huu ulikuwa haujaanza, kwa hivyo ngoja nikueleze. Kila mwezi Rightmove, ule mtandao wa Uingereza wa kutangazia nyumba, ikitoa hesabu zake za bei, Athmani huzisoma kabla ya chai. Zikipanda asilimia 1, na sisi twapanda. Zikishuka, twashuka. Dalali wetu, yule wa Langoni (ndiye huyo huyo, na bado ana lile pikipiki analolisukuma), hubadilisha bei kwenye status yake ya WhatsApp, na mtaa mzima huisoma kabla sisi wenye nyumba hatujaambiwa.

Nimemwuliza Athmani, hizo ni bei za nyumba zilizouzwa? Kasema hapana, ni bei wanazotaka wenye nyumba siku wanapoziingiza sokoni. Zilizouzwa hasa zaandikwa na Land Registry, ofisi ya serikali yao ya ardhi, na hizo hutoka kwa kuchelewa. Basi ni tamaa za watu zilizojumlishwa zikagawanywa! Hata mimi naweza kumtaja punda wa jirani milioni moja, nani atanizuia? Hakucheka. Unajua hakuwahi kucheka tangu mtihani ule.

Lakini tamaa hiyo ndiyo inayotuendesha, somo. Ikipanda, ndugu yetu Shee huja na kikokotoo. Kwa milioni 24 anajua kwa moyo: Mama thumuni yake, sehemu moja ya nane, milioni 3, yeye na Athmani saba saba, mimi na mdogo wangu Swafiya tatu unusu tatu unusu. Dalali hamhesabu. Kodi ya faida hataki hata kuisikia, na serikali iliitoa asilimia 5 ikaipeleka 15 tangu 2023. Anaondoka hapa ameshanunua injini ya boti. Mwezi ukifuata bei ikishuka, haonekani siku nne, na mkewe ananinunia mimi kana kwamba nimeiba ile tofauti.

Majirani nao, we! Ikipanda, Mama Swaleh aniletea mahamri, maana ukuta wake na wetu ni mmoja, na bei yetu ikipanda na yeye anajiona katajirika akiwa kitandani. Mwanawe, anayepanga chumba Gardeni, hanisalimii. Asema mwenye nyumba wake ameona ile status na mwezi ujao anaongeza kodi. Nyumba haijauzwa, haijaguswa, na yeye tayari inamtoa pesa mfukoni. Huyo nashindwa kumjibu. Na ikishuka? Ikishuka wanasema ina jini.

Mama ndiye peke yake asiyepanda wala kushuka. Akisikia tunagombana huuliza, "Hiyo ni ya leo au ya jana?" kisha hurudi kwenye tasbihi yake.

Sasa sikiliza kilichotokea Desemba. Huko kwenu Desemba ni baridi, watu wanashughulika na sikukuu zao, bei hushuka karibu kila mwaka. Athmani kaona zimeshuka, katushusha mpaka milioni 21. Desemba! Kaskazi imetulia, Shela imejaa Wazungu, ndege za Manda zimefurika, na sisi ndio twapunguza. Wiki haikwisha, dalali akaja na Mtaliano na mkewe, na utepe wa kupimia. Wakapima sabule, wakapima ndani, mwanamke akapitisha vidole kwenye zidaka pole pole kama anayesoma. Nikawaambia kila jiwe utakalogusa uwaulize watu wa makumbusho, maana mji huu ni wa dunia nzima tangu UNESCO ilipouandika 2001. Haikuwatisha. Dalali akaongeza kwamba katiba inampa mgeni miaka 99 tu. Yule mzee akacheka, akasema ana 61, itamtosha.

Usiku huo sikulala. Wakaondoka bila kununua, kwa sababu zao, sijui hata ni zipi. Januari Athmani katupandisha, mimi nikafanya wali wa nazi na kamba, watu wakadhani nashangilia pesa.

Ndiyo hivyo. Wewe ndiye wa kwanza kukwambia. Ikipanda nalala, ikishuka natetemeka. Mwezi huu kataja 26, kusi inavuma, bahari chafu, hakuna mgeni wala mwenyeji wa kuangalia nyumba inayovuja, na moyo wangu mweupe kama chokaa mbichi. Nimemwambia, "Ewaa kakangu, wewe ndiye ujuaye soko." Unanijua mimi kusema vile?

Zamani mzee akijenga nyumba alimfikiria bintiye, ndiyo maana lile wikio, chumba cha juu ya njia, likavushwa mpaka ng'ambo, binti aolewe asiende mbali. Leo binti ana tatu unusu na beseni. Sisemi sheria ya mirathi, hiyo siigusi. Nasema tu nani alikuwa anapaka chokaa miaka yote hii. Na Swafiya... Swafiya kweli ana haja, mwanawe ameitwa chuo na karo haijulikani itatoka wapi. Hapo ndipo furaha yangu inaponikaa kooni kama mwiba wa samaki. Juzi kaniuliza, "Dada, mbona hatupati mnunuzi?" Nikasema Mungu hajaleta.

Sasa shida yenyewe. Shee anataka kukupigia. Ameshaanza kushuku kwamba miezi ya huko haifanani na ya huku, na amesema wewe uko karibu na Athmani na unafahamu mambo, umweleze. Somo, nakuomba, usimweleze kaskazi na kusi. Usidanganye, sikwambii udanganye. Akikuuliza, sema tu mambo ya nyumba ni mazito na chai yako inapoa. Nipe mpaka Desemba nijue nitafanyaje. Nimefikiria kumlipa Swafiya fungu lake kidogo kidogo kwa pesa za kofia, lakini kwa kofia mbili kwa mwezi nitammaliza akiwa bibi.

Wewe ulipouza fungu lako la kule Langoni uliumwa, au ulisahau? Huwa unapita nyumbani kwa Athmani? Anapika nini, anakula? Anataka pesa hizi kwa kununua huko, ama ni kuangalia namba tu kila mwezi ili asikie harufu ya kwetu? Na je, ukimwuliza wewe, si mimi, atakwambia kweli?

Kofia ya baba Hashim nimefika nusu ya vishimo. Nitumie uzi mweupe, ule mwembamba, wa hapa wakatika.

Wako,
Khadija