Fuvu la mtoto wa mbweha si aina mpya ya mnyama

Jambo Bwana Mhariri,

Nawaandikia juu ya ile foto ya fuvu mliyotoa ukurasa wa nyuma, ile mliyosema imeokotwa na watu wa makala, wale wanaochoma makaa, huko barabara ya Kasenga, na chini yake mkaandika ni ya "kambweha kadogo ka aina yake, kasikojulikana". Tangu siku ile watu hapa Lubumbashi wanatumiana ile foto kwa WhatsApp, ata wanafunzi wangu walikuja nayo darasani wananiuliza mwalimu, huyu mnyama anaitwa nani. Mimi nafundisha biolojia sekondari na mafuvu ni kitu napenda sana, basi naomba nafasi niseme wazi: ile si aina nyingine. Ni mtoto. Kwa vile ninavyoona ni mtoto wa mbweha yule yule wa pori letu la miombo, mwenye mstari ubavuni, yule wataalamu wanaita Lupulella adusta, na akikua anafika kilo 7 mpaka 12 hivi.

Nimejuaje? Vutieni foto karibu, pale kwenye taya ya chini. Nyuma ya jino la mwisho kuna kashimo ndani ya mfupa, na ndani ya kashimo inaonekana ncha nyeupe. Ile ncha ni gego la ukubwani, lilikuwa linapanda wakati mnyama alipokufa. Mnyama mzima, ata awe mdogo namna gani, hana jino linalopanda. Na yale meno mengine mliyosema ni "madogo sana, inaonyesha anakula matunda tu", yale ni meno ya utoto, bado hayajadondoka. Mtoto wa jamii hii ya mbwa na mbweha anakuwa na meno 28 ya utoto, membamba, makali, na magego hana kabisa. Mbweha wetu akishakua anakuwa na meno 42, sawa na mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo ukihesabu meno ya mtoto ukayalinganisha na ya mkubwa lazima utaona ni wanyama wawili tofauti, lakini ni yule yule mmoja, umri tu ndio umebadilika.

Kwenye meno kuna jambo moja linanishangaza kila nikiliangalia. Hawa wanyama wana meno mawili ya kukatia nyama kila upande, moja juu moja chini, yanapishana. Kwa mkubwa, la chini ni gego la kwanza na la juu ni lile lililo mbele tu ya magego. Kwa mtoto kazi ile ile inafanywa na meno mengine, yako nafasi moja mbele zaidi. Taya inaporefuka, mahali pa kukatia panahama kwenda nyuma. Ni kama makasi, ukitaka kukata kitu kigumu unakisukuma karibu na msumari wa katikati, na mnyama naye anataka jino la kukatia libaki karibu na maungio ya taya, pale nguvu iko nyingi, sasa mdomo ukirefuka lile jino la utoto linaachwa mbele mno. Na ya ukubwani kawaida yanatangulia kutokea kabla yale ya utoto hayajaanguka, mtoto asikose cha kukatia.

Sasa tuje kwenye umbo, manake njo lililowadanganya wengi. Lile fuvu ni la mviringo, mashimo ya macho makubwa, mdomo mfupi. Kila mtoto wa jamii hii anaanza hivyo, awe mbweha wa Katanga awe mbwa mwitu wa nchi za baridi, yule Wafaransa wanaita loup, kwa sababu ubongo na macho na masikio vinawahi kukua, uso unakuja nyuma. Akishaanza kula nyama sasa uso unakimbia, mdomo unasogea mbele, tena hauna namna, kwa sababu ya meno ya ukubwani: lile jino linatengenezwa ndani ya taya likiwa tayari na ukubwa wake wote, likishatoka haliongezeki, sasa taya njo inapaswa kurefuka ili yote yapate pa kukaa. Mifupa ya mashavu nayo inatanuka kwenda nje kuachia nafasi misuli ya taya. Ile misuli inapanda juu ya kichwa pande zote mbili, ukimwangalia kijana utaona mistari miwili hafifu juu ya mfupa, iko mbali mbali, na kadiri anavyokua inasogeleana mpaka inakutana katikati na kuinuka ukingo mmoja. Mbweha wetu akiwa mzima ana ukingo unaoonekana vizuri, mdomo mrefu mwembamba, na mashavu yasiyo mazito sana. Ukiweka fuvu lake pembeni ya ile foto yenu, mtu ambaye hajafundishwa atakuapia hawa hawana ata undugu.

Kitu kingine ni mishono. Fuvu la mtoto ni vipande vingi vya mfupa vilivyoshikana kwa mishono, na mishono mingi inaziba polepole. Geuzeni fuvu chini muangalie mbele ya lile tundu la uti wa mgongo, kuna mshono unaokatiza mfupa kulia kushoto. Ukiwa bado wazi, mnyama hajamaliza kukua. Foto yenu imepigwa upande mmoja tu kwa hiyo hapo siwezi kusema, lakini aliyenalo mkononi anaweza kuangalia sasa hivi, ni dakika moja. Hii mishono njo inafanya mafuvu ya watoto yasionekane sana porini: jua na mvua vinayaachanisha, au ukiyachemsha kupita kiasi yanafunguka vipande vipande mikononi. Basi watu wanazoea kuona ya wakubwa tu, siku wakikutana na ya mtoto wanasema mnyama mpya.

Wengine hapa mtaani wanasema ni mtoto wa mbwa tu wa nyumbani. Inawezekana, na kutofautisha watoto ni kazi ngumu kuliko kutofautisha wakubwa. Lakini kuna mambo yamepimwa. Mwaka 1986 mtafiti Robert Wayne alilinganisha mafuvu ya mbwa wa nyumbani na ya jamaa zao wa porini, akaona mbwa mdogo hana kichwa cha mbweha wa saizi yake, cha mbwa kinakuwa kipana zaidi, na kwamba tofauti kubwa tunazoziona kati ya mbwa na mbwa zina mizizi katika jinsi kichwa kinavyobadilika kutoka utoto hadi ukubwa. Halafu 2017 mtafiti mwingine, Madeleine Geiger, na wenzake wakafuata ukuaji wa mafuvu ya mbwa na ya mbwa mwitu, wakaonyesha kwamba ile hadithi ya kusema mbwa ni mtoto wa mbwa mwitu aliyekataa kukua haitoshi, mbwa ana mambo yake ambayo hayapo kwa mbwa mwitu wa umri wowote. Yote hayo yalijulikana kwa sababu kuna mahali watu walitunza mafuvu ya watoto, si ya wakubwa peke yake.

Sisemi aina mpya haipatikani. Mwaka 2015 watu wa jeni walionyesha kwamba yule aliyekuwa anaitwa mbweha wa dhahabu wa Afrika si mmoja na yule wa Asia na Ulaya, yuko karibu zaidi na mbwa mwitu, na mafuvu yao yalifanana mpaka yakaficha jambo hilo miaka na miaka. Lakini ilihitaji wanyama wengi na kazi nyingi ya labo. Haikutokea kwa foto moja ya mtoto mmoja.

Ombi langu ni hili. Aliyeokota lile fuvu asilipake vernis ya kung'arisha, asing'oe meno kuuza wala kufanya dawa, na lile taya la chini asilitenganishe na la juu. Aandike kwenye karatasi mahali alipolipata na tarehe, aifunge pamoja nalo, kisha alipeleke kwa madaktari wa wanyama pale iniversite ya Lubumbashi au kwenye mize, yaani makumbusho, ya mji. Mafuvu mengi ya wanyama wa Congo yako Tervuren, Ubelgiji, mwanafunzi wa Katuba akitaka kuyaona anahitaji visa, na inaniuma sana kuona tunatupa yale machache tunayoyapata wenyewe. Sisemi mtu aende kuua mbweha, yanayookotwa yanatosha. Na ndugu zangu wa makala, kichwa kibichi, ambacho bado kina nyama au ubongo, msikishike kwa mikono mitupu, kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate na ubongo na kikishaanza kuonyesha dalili karibu kila mara kinaua. Kiacheni, muwaite wenye kujua.

Na ninyi gazetini, kama mtaweza, itoeni tena ile foto: moja kutoka juu, moja kutoka chini, moja ya ubavu, na rula pembeni. Mkinitumia nitaandika kila mfupa jina lake, bila malipo.

Msomaji wenu, mwalimu wa biolojia,
Katuba, Lubumbashi