Waacheni wanafunzi wamsome Walibora, si mwongozo

Mhariri,

Nakala ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora, niliyoisoma nikiwa kidato cha pili haikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Wasichana wa bweni letu waliirithi kwa waliotutangulia, na ilitubidi kumwuliza dada mmoja wa kidato cha nne hadithi iliishaje. Niliianza Jumamosi baada ya kufua. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia, sikuisikia.

Sisi tulikuwa watoto wa bara. Nyumbani, karibu na Webuye, lugha yetu ilikuwa Kibukusu. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na darasani, na tuliamini kwamba kile kitamu kina wenyewe huko Mombasa na Unguja. Kumbe marehemu Ken Walibora naye alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya! Tena mhusika wake, Msanifu Kombo, aliyepachikwa jina la Kongowea Mswahili kwa jinsi alivyokimudu Kiswahili, anatoka Tanga kuja kumtafuta babake Kitale. Kitale hii hii ya mahindi, niliyoijua kwa vumbi la steji yake. Sikuwa nimewahi kuiona katika kitabu cha hadithi.

Nikaanza kuandika kama Walibora. Kusema kweli, nikaanza kumwibia. Nilikuwa na daftari la kunakili sentensi zake, na ilipofika siku ya insha nilizipanga upya, nikabadilisha majina, nikakabidhi kazi. Nilipata alama 18 kwa 20. Mwalimu aliisomea darasa zima, wakanipigia makofi.

Sikuona kosa lolote mpaka nikawa mwalimu mwenyewe, nikapangiwa kufundisha riwaya yake nyingine, Kidagaa Kimemwozea, iliyochapishwa mwaka 2012. Humo Mwalimu Majisifu anauiba mswada wa kijana Amani na kuutoa kama wake. Nilisimama mbele ya wanafunzi 50 nikieleza ubaya wa tendo hilo, huku nikiiona ile insha yangu ya alama 18. Jioni ile nikaitafuta Siku Njema na kuisoma upya. Nikagundua kwamba nilichokuwa nimekiiba ni mapambo tu. Kinachomshika msomaji si methali wala misemo. Ni mtoto aliyefiwa na mama, anayetaka kumjua babake.

Tangu hapo naandika kwa namna nyingine. Hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa ilimhusu nyanya yangu, aliyekama ng'ombe gizani ili maziwa yawahi gari la saa kumi na mbili. Haina methali hata moja, na kila sentensi ni yangu. Hilo nalihesabu kuwa deni langu kwa Walibora, ingawa sikuwahi kumwona ana kwa ana. Alituacha Aprili 2020, akiwa amegongwa na matatu jijini Nairobi.

Ninachoomba, Mhariri, ni hiki. Riwaya ikishaondolewa kwenye orodha ya vitabu teule vya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, shule nyingi huifungia stoo ndani ya maboksi, panya wakaila. Zilizobaki kwenye orodha nazo wanafunzi hawazisomi. Wanasoma miongozo, wanakariri maudhui na sifa za wahusika, basi. Halafu tunashangaa insha zao zote zinaanza kwa mtu aliyerauka alfajiri na mapema huku ndege wakiimba. Wanaiba kama nilivyoiba, ila wao wanaiba kutoka kwa watu ambao hata hawakuandika vizuri.

Walimu wenzangu, fungueni hayo maboksi. Tengeni kipindi kimoja kwa wiki, watoto wasome riwaya bila swali lolote mwishoni, bila alama. Najua mtaala umebana. Sisi tulikitoa kwenye muda wa michezo siku za mvua, na mvua huku kwetu si haba.

Tulianza na nakala 11 za Siku Njema. Wiki jana msichana mmoja wa kidato cha pili alinifuata hadi ofisini kuniuliza kama Kongowea atampata babake. Sikumwambia. Alikuwa amebakiza kurasa 40.

Mwalimu wa Kiswahili,
Bungoma