Mlinzi kalala, sawa, lakini mwizi alijuaje kama kalala?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule msomaji wa Tabata aliyelalamika kwamba ameibiwa tivii, jenereta na mtungi wa gesi wakati kila mwezi analipa kampuni ya ulinzi, na mlinzi wake akakutwa amelala fofofo kwenye kiti cha plastiki. Pole sana ndugu yangu, kuibiwa kunauma, na mtungi wa gesi siku hizi sio kitu cha kuchezea. Ila pale ulipomalizia kwamba walinzi wote ni wavivu na dawa yao ni kufukuzwa, hapo ndo nikaweka gazeti chini nikatafuta kalamu.

Mimi nilikuwa supavaiza wa usiku kwenye kampuni moja ya ulinzi hapa Dar, miaka sita, nimeacha 2024. Kazi hiyo watu hawaijui, wanadhani supavaiza anazunguka kutafuta wezi. Wapi! Unazunguka kutafuta walinzi waliolala. Nilikuwa napewa pikipiki, mafuta ya kubana, malindo 19 kuanzia Kimara mpaka Mbezi huko ndani ndani, na kila lindo nisaini kitabu cha matukio niandike na saa. Pikipiki naizimia kona ya mbali naisukuma, nakuja kimyakimya na raba miguuni, nikimkuta mtu kasinzia namchukulia rungu naondoka nalo, asubuhi anakuja ofisini kulifuata anakuta barua ya onyo inamsubiri na siku moja imekatwa. Kuna siku nilirudi na marungu saba nimeyafunga nyuma ya pikipiki kama kuni. Mwezi ule bosi alinisifia mbele ya watu. Na mwezi uleule wezi walituibia kwenye malindo matatu, na katika hayo matatu walinzi wawili walikuwa macho kabisa.

Hapo ndo nilipoanza kujiuliza.

Ngoja nikupe hesabu kwanza ndugu wa Tabata maana naona hujawahi kupewa. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni ndogo shilingi 148,000 kwa mwezi, kampuni kubwa na za kimataifa 222,000. Sisi tulikuwa wadogo. Chukua hiyo 148,000 gawa kwa usiku 26 unapata kama 5,690. Mlinzi anakaa Chanika, lindo lipo Mbezi, daladala mbili kwenda mbili kurudi hata kwa nauli ya 600 ni 2,400, hapo hajatolewa NSSF, hajakatwa buti, na kampuni nyingine buti unakatwa mpaka zinachanika bado unadaiwa. Anabaki na elfu tatu na kitu kwa usiku wa saa kumi na mbili. Najua kima kimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, heri, ila kupanda kwenye karatasi na kupanda kwenye mfuko wa mlinzi ni safari ndefu na mimi nimeshaona wapi hiyo safari inakwama.

Halafu masaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ya kazi ni masaa 45, ovataimu isizidi masaa 50 kwa wiki nne, na kila saa ya usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi iongezewe asilimia 5. Sasa mlinzi wetu anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita, hayo ni masaa 72. Zidio ni 27 kwa wiki, kwa wiki nne 108, sheria imeruhusu 50. Yaani tunavunja sheria kila wiki kwenye geti lako na wewe unapita na gari unampungia mkono. Na rilifu, yaani mlinzi wa kumpokea, asipotokea asubuhi, mlinzi anaunganisha, anapiga dabo mpaka jioni, na ikifika jioni ni zamu yake tena. Nimewahi kumkuta kijana kasimama wima, macho yamefunguka kabisa, anakoroma.

Sasa niseme wizi unavyokuwa maana hilo ndilo nililolijua zaidi. Katika matukio mengi niliyoandikia ripoti mwizi hakuja kwa kubahatisha. Aliuziwa ramani. Fundi aliyekuja kufunga feni aliona tivii ipo wapi, kijana wa maji anajua mbwa amefungwa au anazurura, aliyefukuzwa kazi hajalipwa mshahara wake wa mwisho anajua ufunguo wa akiba upo chini ya chungu kipi cha maua (jamani mlipeni dada wa kazi haki yake akiondoka, hiyo ni kinga kubwa kuliko fensi). Mwizi wa hivyo anakuja anajua mpaka mlinzi anasinzia saa ngapi, na saa yenyewe kila mtu anaijua, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja kasoro.

Na vitu vyenyewe mnavyonunua kujilinda mnavinunua vibaya. Nimeona kufuli la bei mbaya, kubwa kama ngumi, limefungwa kwenye komeo la bati lililoshikiliwa na skrubu nne zinazotazama nje. Mwizi hahangaiki na kufuli, anachukua bisibisi. Nimeona madirisha ya nondo nene kabisa mtu kaleta jeki ya gari kaiweka katikati ya nondo mbili akazungusha taratibu bila kelele mpaka zikapanuka akapita mtoto, mtoto akafungua mlango. Dawa yake ilikuwa kuchomelea vyuma vya kukatiza katikati, ilikuwa ni suala la fundi kuchomelea na hela ya chai. Wenye fremu za maduka ndo kabisa, geti mbele makufuli manne, juu bati tupu halina hata silingi bodi, mwizi anashuka kama paka.

Kamera nazo. Nyumba moja walifunga kamera nane, kisanduku kinachorekodi wakakiweka chini ya tivii kinawaka taa za bluu. Wezi walipobeba tivii wakabeba na kisanduku, zikabaki kamera nane ukutani zinatazamana. Na ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha adabu, fensi za umeme zina betri ya akiba lakini watu hawajaibadilisha tangu siku ya kufunga, umeme ukikatika masaa mengi fensi inabaki waya tu wa kuanikia nguo.

Ofisini kwetu na sisi tulipenda mitambo. Wakaleta vidude vya chuma mfano wa vifungo, vinabandikwa kwenye kona za ukuta, mlinzi anakuwa na kijiti chake anagusisha kila saa, asubuhi kompyuta inatoa ripoti nani kazunguka nani hajazunguka. Mzee mmoja wa lindo la godauni, mtu mzima ana wajukuu, ripoti yake ikawa safi kuliko za wote, kona zote sita kila saa bila kuruka, bosi akawa anamtolea mfano. Nikasema ngoja nikamwone huyu mzee. Nikasukuma pikipiki yangu kama kawaida nikamkuta amekaa kwenye ndoo, vidude vyote sita kavibandua kavifunga kwenye leso, anavigusa kimoja kimoja kama mtu anayevuta tasbihi. Nilicheka mpaka nikakaa chini na mimi. Nikamuuliza mzee wangu kwanini, akaniambia, "Mwanangu, goti hili linauma, na kule nyuma hakuna taa, nimeandika kwenye kitabu naomba balbu tangu mwezi wa tatu. Nikaangalie nini gizani, nikutane na mtu mwenye panga mimi na filimbi?" Nikafungua kitabu cha matukio nikarudi nyuma kurasa, kweli, balbu, balbu, balbu, kila wiki, na chini yake saini yangu mwenyewe. Nilikuwa nasaini bila kusoma. Yule mzee sikumripoti, na balbu nilinunua mwenyewe dukani kesho yake. Mtambo ule wote uligharimu mamilioni na hakuna hata mmoja ofisini aliyewahi kuwaza balbu.

Ila kilichonitoa kwenye kazi sio hicho, ni filimbi.

Ilikuwa mtaa mmoja wa watu wenye nafasi zao, kuta ndefu, vipande vya chupa juu, saa tisa usiku nipo na mlinzi tunasaini kitabu tukasikia kishindo nyumba ya jirani. Tukachungulia, watu wanne, mmoja yuko juu ya ukuta. Mlinzi akapiga filimbi, akapiga kweli kweli, na mimi nikapiga honi ya pikipiki mfululizo. Mhariri, nilikuwa naangalia mtaa mzima kutokea pale. Taa zilizokuwa zinawaka zikaanza kuzimwa. Hapa ikazimwa, pale ikazimwa, ghorofani pazia likasogezwa kidogo likarudishwa. Hakuna aliyefungua hata dirisha. Wale wanne walivyoona vile wakaendelea na kazi yao, yule wa juu ya ukuta alitugeukia akatuonyesha kidole tunyamaze, kama unavyomnyamazisha mtoto. Polisi walifika kumeshakucha, sitaki kuwalaumu sana, gari lenyewe moja na eneo lote lile. Asubuhi mtaa mzima ukatoka kuuliza walinzi walikuwa wapi, na aliyefukuzwa kazi ni yuleyule aliyepiga filimbi.

Baba yangu ni mtu wa Kahama. Miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera silaha zimezagaa na ng'ombe wanaibwa kila siku, huko kwetu Usukumani na Unyamwezini ndiko walikoanzisha sungusungu, upinde, mishale na filimbi, hakuna aliyelipwa mshahara. Alikuwa anatusimulia kwamba filimbi ikilia unatoka hata kama umevaa shuka, usipotoka kesho unaulizwa na unalipa faini, na kijiji cha pili kikisikia nacho kinapokea, filimbi inakimbia mbele ya mwizi. Sijasema turudi huko, sungusungu walikuwa na mambo yao mengine mabaya, walipiga watu na wakaua, wakongwe wa kike waliitwa wachawi, baba mwenyewe sehemu hizo alikuwa anazipita harakaharaka. Lakini filimbi ile ilikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yake. Hii ya kwetu nyuma yake kuna swichi za taa zinazimwa. Leo ukiuliza hela ya ulinzi shirikishi mtaani kwenu nani hatoi, utaambiwa ni wale wenye kuta ndefu, wanasema sisi tuna kampuni.

Ndugu wa Tabata, tivii yako sasa hivi inaangaliwa sebuleni kwa mtu ambaye hajiiti mwizi, kanunua nusu bei na hakuomba risiti. Kama serial namba yake hukuiandika popote hata ukiwa na RB, ile namba ya taarifa ya wizi, polisi watakutafutia nini, tivii nyeusi ya bapa? Piga picha ile stika ya nyuma ya kila kitu ulichobakiza, leo. Simu bonyeza *#06# andika namba inayotokea, weka kwenye daftari, usiihifadhi kwenye simu hiyohiyo. Vioo vya gari chora namba ya gari, havipendezi lakini havinunuliki.

Na mkataba wako na kampuni uutoe kabatini usome. Angalia kama mnalipa kwa kichwa au kwa lindo, angalia kama kuna mtu wa pili wa kupokezana, waulize wanamlipa mlinzi shilingi ngapi, utashangaa wanavyopata kigugumizi. Kampuni zilipogombania ile tenda mkachukua aliyetaja bei ya chini, ile tofauti ya bei haikutoka kwenye faida ya mwenye kampuni, hilo nakuapia.

Yule mlinzi aliyekutwa amelala umeandika kwamba umeshamkataa, wameleta mwingine. Usiku wa leo toka nje mpelekee chai, usimwogope, muulize kitu kimoja tu, mchana alikuwa wapi. Mimi nilianza kuwauliza swali hilo mwishoni kabisa, baada ya miaka mitano ya kukusanya marungu, na katika walinzi wangu 19 waliokuwa wanatoka kulala nyumbani ni wanne. Wengine walikuwa wanatoka kwenye zege, kwenye bodaboda, mmoja alikuwa anatoka kwenye lindo la kampuni nyingine, anabadilisha shati tu getini.

Ni mimi,
aliyekuwa supavaiza wa usiku,
Kimara, Dar es Salaam