Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wanasheria na wahasibu tuliosoma Japani. Shughuli za kawaida mnazifahamu: mihadhara imefanyika, wanafunzi waliokuwa wakisafiri tumewaaga, jarida limetoka mara moja badala ya mbili. Hesabu kamili atazitoa mweka hazina. Kwa ufupi, wanachama ni 87, waliolipa ada 31, na mhadhara wa mwisho ulihudhuriwa na watu 9, wasemaji wakiwemo.

Sasa niingie kwenye jambo lililozua maneno, yaani kuwaingiza kwenye Kamati wajumbe wawili wasio wanachama. Nimeitwa dikteta kwenye kundi letu la WhatsApp, nikaambiwa naleta watu wangu. Ieleweke kwamba mkutano wa kujadili hoja hiyo uliitishwa, akidi haikutimia, na Kamati ikaamua kwa kifungu cha dharura cha katiba. Wazo lilikuwa langu na silikani. Chama kinachosoma sheria ya makampuni ya Japani mwaka hadi mwaka kingekosaje kuitumia kwake chenyewe?

Wajapani wamelihangaikia suala hili la nani awasimamie viongozi wa kampuni tangu wengi wetu hatujazaliwa. Sheria yao ya Biashara ya 1899 ilifuata mfano wa Kijerumani. Mwaka 1950, nchi ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, iliingizwa bodi ya wakurugenzi pamoja na haki ya mwanahisa kuwashtaki wakurugenzi kwa niaba ya kampuni. Haki hiyo ilibaki pambo, kwa kuwa ada ya mahakama ilipanda kadiri dai lilivyokuwa kubwa. Mwaka 1993 ikawekwa yeni 8,200 tu, hata ukidai mabilioni, na kesi zikaongezeka ghafla. Mwaka 2000 Mahakama ya Wilaya ya Osaka iliwaamuru wakurugenzi 11 wa benki ya Daiwa, waliokuwepo na waliokwisha kuondoka, walipe takriban dola milioni 775, kisa hasara ambayo mfanyakazi mmoja wa tawi la New York aliificha kwa zaidi ya miaka kumi. Baadaye waliafikiana kwa kiasi kidogo sana, ila usingizi ulikwisha kuwapotea wakurugenzi nchi nzima.

Tatizo lilikuwa bodi zenyewe. Zilijaa watu waliopandishwa vyeo ndani ya kampuni, kila mmoja akijua aliyemteua ni rais wa kampuni. Sony ilikuwa na wakurugenzi 38 hadi ilipowapunguza kuwa 10 mwaka 1997. Marekebisho ya 2014 yakazitaka kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, zikiwa hazina mkurugenzi wa nje, yaani asiyetokana na watu wa kampuni yenyewe, zisimame mbele ya wanahisa zieleze kwa nini kuwa naye hakufai. Tazameni ujanja wake! Kusema "hatujampata" hakutoshi. Lazima uthibitishe kwamba angekuwa na madhara. Nani angethubutu? Mwaka 2015 mwongozo wa Soko la Hisa la Tokyo ukataka wawili walio huru, na kuanzia Machi 2021 sheria ikamfanya mkurugenzi wa nje kuwa wa lazima kwa kampuni hizo. Nilipotaja wawili sikuiokota namba barabarani.

Mwanachama mmoja, wakili mzoefu ninayemheshimu, alinijibu kwa neno moja: Toshiba. Kweli, Toshiba ilikuwa na wakurugenzi wa nje na kamati za bodi tangu 2003, na bado mwaka 2015 iligundulika kwamba faida ilikuwa imekuzwa kwa takriban yeni bilioni 152. Lakini kamati ya ukaguzi iliongozwa na nani? Na mtu aliyewahi kuwa mkuu wa fedha wa kampuni hiyohiyo. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Wajumbe wetu wawili hawajawahi kushika hata risiti ya chama hiki, na ndiyo maana nimewapendekeza.

Kuhusu mahudhurio, Japani walikuwa na watu waitwao sokaiya, walionunua hisa chache kisha wakatishia kuvuruga mkutano mkuu wasipopewa fedha. Mwaka 1981 sheria ilikataza kuwalipa. Kampuni nazo zikajihami kwa kufanya mikutano siku moja mwishoni mwa Juni, ili wasiweze kuwa kila mahali. Sisi hatuna sokaiya wala hatugongani na mkutano wa mtu. Wanachama wetu hawaji tu, halafu usiku wanatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kulalamika.

Mwakani tunatarajia kupata mtaalamu atuelezee ombi la Machi 2023 la Soko la Hisa la Tokyo, lililozitaka kampuni zijali gharama ya mtaji (faida wanayoitarajia waliowekeza) na bei ya hisa zao, hasa zile ambazo hisa huuzwa chini ya thamani ya mali halisi iliyo kwenye vitabu vya hesabu. Jarida nalo, wafadhili wakipatikana, litatoka kwa wakati. Kuhusu ukumbi wa kudumu mazungumzo yanaendelea vizuri.

Wenye madeni ya ada wamuone mweka hazina kabla ya uchaguzi. Safari hii asiyelipa hapigi kura, na hilo nitalisimamia mwenyewe. Nafasi ya mwenyekiti iko wazi kwa mwanachama yeyote aliye hai, nami nitagombea tena.